Batri Iliyovimba ya Mama Huguette

Mama Huguette Mbayo alikuwa tayari na wajukuu alipojifunza kurusha ndege. Si ndege ya kubeba watu, la. Ilikuwa ndege ndogo yenye mabawa mapana kuliko mikono yake miwili ikinyooshwa, iliyotengenezwa kwa yale maboksi meupe mepesi ya kuletea samaki wa barafu. Aliirusha kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya Musonoi, mtaa wetu, Jumapili baada ya misa, kitambaa cha kanisani kikiwa bado kichwani, na sisi majirani zake tulimwita Mama Ndeke, kwa sababu huku kwetu ndege ya injini ni ndeke.

Kabla ya hapo alikuwa mpishi katika kantini ya kampuni moja ya shaba na kobalti nje kidogo ya Kolwezi. Kazi yake kubwa ilikuwa kusonga bukari, ule ugali wetu, katika sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuketi ndani na kuoga. Alikuwa na mikono minene, sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na kicheko kilichoanza kabla hadithi haijafika panapochekesha.

Katika kampuni hiyo kulikuwa na mpima ardhi aitwaye Stany, mwenyeji wa Likasi, mtu wa miwani, mpole, asiyekunywa pombe wala kushabikia mpira. Wenzake walimwona kama mgonjwa. Siku moja alikuja mlango wa nyuma wa jikoni akasimama kama mtu anayetaka kukopa chumvi.

"Mama, ile makartoni nyeupe ya samaki, munatupaka inje?"

"Tunatupaka. Unayitaka ya kufanya nini?"

"Ndeke."

Mama Huguette akadhani jua limemchoma kijana wa watu. Lakini alimwekea maboksi, akayasafisha hata harufu ikatoka, na baada ya majuma machache Stany akamwalika aje uwanjani aone samaki wake wamegeuka nini.

Ile ndege haikuwa na magurudumu. Ilibidi mtu mmoja aitupe kwa mkono huku mwingine akiiongoza kwa telekomande, yaani rimoti. Mlinzi wa kampuni aliijaribu kwanza, akaipigilia chini kama mtu anayepanda mhogo. Wakaibandika kwa gundi. Akaijaribu tena, ikaenda kulia, ikamkosa mbuzi kwa kidogo. Mama Huguette, aliyekuwa amekaa kwenye tofali akila karanga, akapangusa viganja.

"Leta hapa."

Mkono wake ulizoea kusonga bukari ya mamia ya wafanyakazi. Aliitupa ndege moja kwa moja mbele, imelala sawasawa kama sinia la chakula, na ikapanda ikiimba kama nyuki. Stany alipiga kelele za furaha. Mama Huguette alibaki ameinua mkono, mdomo wazi, akiifuata kwa macho mpaka shingo ikamuuma. Aliporudi nyumbani aliwaambia wanawe kwamba leo ameona kitu.

Tangu siku hiyo hakukosa Jumapili. Akawa mtupaji, kisha akataka kushika telekomande. Aliangusha ndege mara nyingi. Stany hakukasirika hata mara moja, alitoa gundi mfukoni na kusema, "Bon, tuanze tena." Polepole vidole vya Mama Huguette vikaelewa. Alisema ni kama kuonja mchuzi: ukiongeza kwa pupa umeharibu.

Nguvu ya ndege hiyo ilitoka kwenye batri ya lithiamu, ndogo kama kitabu cha sala, laini ukiibonyeza, imevikwa plastiki, na ndani yake vyumba vitatu vimelala kimoja juu ya kingine. Stany aliishika kwa vidole viwili kama yai. Ilikuwa nyepesi, lakini moto wake wa umeme ulitosha kuizungusha propela kiasi cha kukata kidole.

Kisha bei ya kobalti ikaanguka. Sisi wa Kolwezi hatuhitaji redio kutuambia. Nyumba za kununulia mawe ya madini zilifungwa moja baada ya nyingine, wanunuzi wakaondoka na mizani yao, na kwenye baa watu wakaanza kukaa watatu mbele ya chupa moja. Kampuni ya Mama Huguette ilianza kwa kufunga kantini, ikaendelea kwa kupunguza watu, na mwisho ikafunga mnyororo kwenye geti. Stany alipewa barua kama wenzake wote. Alifunga mizigo arudi Likasi kwa mke wake.

Alipita Musonoi kuaga, amebeba ndege, telekomande, chaja na boksi lenye batri kadhaa.

"Mama, hii yote ni yako."

"Yangu? Na weye?"

"Bibi yangu anasema nichague, yeye ao ndeke." Stany alijaribu kucheka. "Na mi sina tena kazi. Sitaweza kumubishia."

Basi lilikuwa linasubiri, kwa hiyo maelezo yalikuwa ya haraka, mlangoni, huku mmoja akifunga kamba na mwingine akitazama saa.

"Mama, sikia muzuri. Usiache batri ichaji pekee yake mu nyumba. Usiyijaze kupita. Ikianguka kwa nguvu, usiyiamini tena. Na kama inavimba, ile imekufa. Usiyihurumie."

"Njo, njo, nasikia," aliitikia Mama Huguette, ndiyo juu ya ndiyo, huku akitafuta mahali pa kutundika ndege.

Akaanza maisha mapya. Asubuhi alikaanga vitumbua mbele ya nyumba yake, na Jumapili alirusha ndege. Watu walikuwa wengi uwanjani siku hizo, maana wasio na kazi hawana pa kwenda, na kutazama ndege hakumgharimu mtu kitu. Wanaume waliokuwa na madaraka kampuni ilipokuwa wazi walisimama vumbini wameweka mikono kiunoni, wakitoa maoni juu ya upepo.

Hali ilipozidi kubana, wanajeshi walifika kwenye eneo la machimbo ambako mdogo wake Mama Huguette, Mulumba, alikuwa akichimba pamoja na wachimbaji wengine wa mkono. Waliwatoa wote. Mulumba alifika Musonoi nyuma ya pikipiki ya teksi, amekumbatia godoro la sponji lililokunjwa, koleo limefungwa mgongoni, taa ya kichwani bado iko kwenye paji la uso ingawa ilikuwa mchana kweupe. Akamwita dada yake Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu.

"Yaya Huguette, banatufukuza. Basoda banakuya asubui, banasema kila mutu atoke. Hata chai yangu sikuimaliza."

"Na bitu yako iko wapi?"

Mulumba akatazama godoro, akatazama koleo. "Njo hii yote."

Mama Huguette alimpa chumba cha mbele, chenye soketi pekee iliyokuwa inafanya kazi. Mulumba alikuwa mtu wa kutokaa bure, na sasa hakuwa na la kufanya. Alilala mchana, akaamka, akazunguka ua, akalala tena. Kitu cha kwanza kilichomfanya acheke kilikuwa ndege iliyotundikwa ukutani.

"Yaya, mama muzima vile, unacheza na ndeke?"

"Kuya Jumapili, utacheka vizuri."

Alikwenda. Ndege ilipopaa na kupita juu ya kichwa chake hakucheka. Jioni hiyo alikuwa anauliza kwa nini mkia una kipande kinachosogea, na Jumapili iliyofuata ndiye aliyekuwa mtupaji.

Sasa, umeme. Bwawa la umeme la Nzilo liko karibu kiasi kwamba watu wa mbali hudhani taa zetu hazizimiki. Huzimika, na zikirudi hurudi kwa kishindo. Siku moja zilirudi kwa kishindo kikubwa na chaja ya Stany ikatoa moshi mdogo, ikafa. Chaja ile ilikuwa na akili: ilipima kila chumba cha batri na kusimama yenyewe. Mama Huguette aliipeleka kwa Omer, fundi wa simu mwenye kibanda sokoni Manika. Omer aliifungua, akaitazama, akaifunga.

"Hii imeenda, Mama. Ninaweza kukupatia ya spika, nifunge waya yake hapa. Itajaza. Lakini itasimama wapi, mi siwezi kukuambia."

"Nitaisimamisha mimi."

Kwa muda aliisimamisha kweli. Aliweka kiti karibu, akachungulia. Lakini mtu anayekaanga vitumbua ana sufuria, ana wateja, ana unga unaoumuka. Baada ya majuma kadhaa batri moja ikaanza kuwa na tumbo. Mwanzoni kidogo, kama pochi yenye noti chache. Kisha ikawa ya duara kabisa, plastiki imekazwa, na ukiibonyeza inakurudishia kidole.

"Yaya," alisema Mulumba, akiigeuzageuza, "hii batri iko na mimba."

"Basi izae. Tuko na lazima ya ingine."

Hapo ndipo alipopaswa kuitoa. Alikumbuka maneno ya Stany, baadaye alituambia hivyo mwenyewe. Lakini batri ile bado ilizungusha propela, na dukani Kolwezi hakuna anayeuza nyingine. Ilipokataa kuingia kwenye nafasi yake tumboni mwa ndege, Mama Huguette alichukua kisu cha jikoni na kuchonga lile boksi la samaki mpaka ikaingia.

Jirani yake Shida, muuzaji wa vitenge Manika, alimkuta akichonga. Familia ya Shida ilitoka upande wa Maniema zamani; mume wake Kasimu alikuwa na basi dogo la abiria. Shida alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali.

"Mama Huguette, simu yangu ilifanyaka vile. Ilivimba mpaka kioo ikapasuka. Kitu ya courant, ya umeme, ikinenepa, haiko afya."

"Ya kwako ilikuwa simu. Hii ni ya ndeke."

"Tuitoboe kidogo na sindano," akasema Mulumba, "hewa itoke."

"Toboa tumbo yako kwanza tuone," dada yake akamjibu, na hilo angalau lilikuwa jibu zuri, maana baadaye tuliambiwa sindano ingemwashia moto mikononi.

Jumamosi moja alipokuwa akiijaribu, upepo uliisukuma ndege ukingoni mwa lundo la mchanga wa mgodi, ikapiga pua. Mkia ulivunjika, na ile batri nene ikatoka na kona iliyobonyea. Mama Huguette aliipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge, akaiona haijapasuka, akairudisha nyumbani. Umeme haukuwapo. Haukuwapo Jumapili pia, kwa hiyo hakuna ndege iliyoruka.

Jumatatu asubuhi umeme ukarudi. Avenyu yetu nzima, nyumba kwa nyumba, ilipiga kelele kama timu imefunga bao. Kila mtu alikimbia kuchomeka alichonacho kabla haujaenda tena: simu, pasi, redio. Mama Huguette alikimbia na batri. Soketi ilikuwa chumba cha mbele, na Mulumba alikuwa amelala hapo godoroni, kichwa kimefunikwa na shuka. Aliiweka batri kwenye boksi la karatasi karibu na miguu ya mdogo wake, akachomeka chaja ya spika, akaona taa ya kijani, akarudi nje kwa sababu mafuta yalikuwa yanatoa moshi.

Alikuwa amekwisha kaanga sufuria kadhaa Shida alipokuja kununua vya watoto wa nyumbani. Walizungumza juu ya harusi iliyoahirishwa. Katikati ya maneno Shida akanusa.

"Unapaka rangi ya kucha?"

"Mimi? Na hii bidole ya mafuta?"

"Nasikia harufu ya vernis. Tamu vile."

Mama Huguette akanusa naye. Ilikuwa kweli, harufu tamu ya duka la urembo, na ilikuwa inatoka mlangoni kwake. Kisha wakasikia sauti: ssssss, kama kifuniko cha soda kinachofunguliwa polepole mno.

"Mulumba!"

Alikimbia. Moshi mweupe ulikuwa umekwisha jaza nusu ya juu ya chumba, na chini yake, kando ya miguu ya mdogo wake, ule moto haukuwa moto wa kuni. Ulitoka kwa ncha moja, umenyooka, unanguruma kama jiko la gesi lililofunguliwa lote. Boksi la karatasi lilikuwa limekwisha teketea. Kona ya godoro ilikuwa inayeyuka.

Alijifunga kitenge mdomoni, akamshika Mulumba kwapani, akamvuta. Mulumba aliamka katikati ya kuvutwa, akakohoa, akaona moto, na mkono wake ukaenda wenyewe kuikamata batri aitupe nje.

"Usiguse! Toka! Toka!"

Walitoka wakitambaa. Shida hakuwa amesimama bure. Alikuwa ameondoa kuni chini ya mafuta ili watu wasiyaangushe katika pilikapilika, kisha akafika kwenye swichi kubwa iliyokuwa ukutani nje ya mlango na kuishusha. Chaja ikazimika. Moto haukuzimika.

"Koleo!" alisema Mama Huguette. "Mulumba, koleo yako!"

Lilikuwa limeegemea ukutani. Alilichukua mwenyewe, akavuta pumzi ndefu nje, akaingia ameinama. Aliichota batri inayowaka pamoja na kipande cha godoro kilichoshikana nayo, akatoka kinyumenyume, akaitupa katikati ya ua. Majirani walikuwa wamefika na ndoo. Hao ndio waliomwagia maji godoro na pazia mpaka vikazimika.

Uani ile batri ilitulia. Ilikaa nyeusi, inafuka kidogo. Watu wakasogea na simu zao kupiga picha, na bwana mmoja mwenye viatu vilivyong'aa akainama aitazame vizuri.

"Kumbe kadogo vile," akasema.

Chumba cha pili cha batri kikalipuka. Ulimi wa moto ulipita juu ya kiatu chake, naye akaruka juu kwa namna ambayo avenyu ilimwigiza mwaka mzima. Sote tulikimbia, mimi mmojawapo, na simwonei aibu mtu. Mulumba, anakohoa, machozi yanamtoka, alilichukua koleo kwa dada yake na kukimbilia lundo la mchanga wa ujenzi la Tata Ngeleka, mzee mkubwa wa avenyu yetu. Alichota, akamwaga, akachota, akamwaga. Chini ya mchanga tulisikia chumba cha tatu kikilipuka kwa sauti nzito. Baada ya hapo kukawa kimya, na hakuna aliyesogea tena kupiga picha.

Hasara ilikuwa hii: godoro, pazia, dari nyeusi, na ndege. Joto lilikuwa limeiyeyusha pale ukutani, bawa moja limelegea likining'inia kama nta. Mulumba walimpeleka kituo cha afya kwa basi la Kasimu; moshi ule ni sumu, na alikohoa siku nyingi, lakini alipona.

Mama Huguette hakulia kwa ajili ya ndege. Alilia jioni, aliposhika mabaki ya godoro kuyatoa nje.

"Basoda banakufukuza mara ya kwanza," alimwambia mdogo wake. "Ya pili ni mimi nakufukuza. Mutu wa damu yangu nusura nimuunguze mu usingizi juu ya mchezo."

Mulumba alikuwa ameketi kizingitini na kikombe cha chai ya dada yake mkononi.

"Yaya, basoda habakunifanyiaka chai."

Akacheka akikohoa, na dada yake akampiga bega kwa kitambaa cha vyombo, akaendelea kulia na kucheka kwa pamoja.

Kesho yake Tata Ngeleka alikuja na wazee wawili. Hakuja kudai mchanga wake. Alisema kwa adabu kwamba watu wanaogopa, nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na wengine wanataka batri zilizobaki zitupwe kwenye maji ya shimo la zamani.

"Mama, tunakupenda na ndeke yako. Lakini ile bitu isilale tena mu nyumba."

"Hata mimi sitaki ilale mu nyumba, Tata. Munipe nafasi nifanye vizuri."

Akampigia Stany simu Likasi. Akamweleza yote yaliyotokea. Stany akauliza kwanza juu ya Mulumba, akasikia ni mzima, akashusha pumzi. Akaeleza taratibu, safari hii hakuna basi la kusubiri. Kwamba batri ikijazwa kupita kiasi, au ikiishiwa kabisa, au ikipata joto au kipigo, huoza ndani na kutengeneza gesi. Hiyo gesi ndiyo tumbo. Hairudi nyuma. Ukiichaji tena, unaupa moto chakula. Na kama lazima uchaji, chaji nje, juu ya tofali, mbali na chochote kinachowaka, nawe umeketi hapo.

"Njo ulinielezea hii yote," alisema Mama Huguette.

"Nilikueleza nikiwa mbioni, Mama. Kwanza nikutumie chaja ya muzuri, iko moja ilibakia huku. Bibi yangu atafurahi itoke."

Chaja ilikuja na Kasimu katika safari zake. Mulumba alijenga kijumba cha matofali cha kuchajia batri pembeni mwa ua, mbali na kuta, kimejaa mchanga chini, na bati dogo juu la kuzuia mvua. Siku hizi ukimwona Mama Huguette ameketi hapo na kiti chake, hajibu hata salamu ndefu. Tata Ngeleka alikuja kukagua, akazunguka kijumba mara moja, akasema hata kuku wake hawana nyumba nzuri hivyo.

Kati ya batri zilizobaki, moja ilikuwa na tumbo changa. Habari zikaenea kwamba ipo, na mtu mmoja kutoka Manika akaja kutaka kuinunua aifunge kwenye spika yake ya kutangazia biashara. Alikuwa na pesa mkononi, na Mama Huguette alikuwa bado hajanunua godoro jingine. Mulumba alilala kwenye mkeka.

"Nipe tu, Mama. Ikiniunguza, itakuwa shida yangu."

"Weye unalala na nani mu nyumba?"

"Na bibi na batoto."

"Basi haiko shida yako pekee yako. Sitauza."

Mtu yule akaongeza bei. Mama Huguette akamfungia vitumbua viwili kwenye karatasi, akampa bure, akamwambia aende salama. Kisha yeye na Mulumba wakaifunga ile batri kwenye taa ndogo ya pikipiki, juu ya mchanga, wakaiacha imalize nguvu zake taratibu, isibaki na za kuwasha moto, huku wakiilinda. Taa ilikuwa nyeupe, ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikafa.

Lakini batri iliyokufa inakwenda wapi? Hatukujua. Kolwezi nzima inachimba kile kinachotiwa ndani ya batri za dunia, na hatukujua mtu mmoja wa kuipokea ikirudi. Mulumba aliishika mkononi.

"Labda mawe ya hii ni mimi niliichimba," alisema. "Ikaenda, ikazunguka, sasa inarudi kwangu na hakuna mwenye kuitaka."

Mwishowe Omer alikubali. Alikuwa na pipa la chuma lenye mchanga nyuma ya kibanda chake alimotupa batri mbovu za simu, akingojea mfanyabiashara wa Lubumbashi ambaye huja anapojisikia. Iliingia humo.

Mulumba hakurudi machimboni. Kasimu alimchukua kukusanya nauli kwenye basi lake, na ikaonekana mtu aliyezoea kupiga kelele chini ya ardhi anasikika vizuri sana kwenye kituo cha magari. Godoro alilinunua mwenyewe. Mama Huguette alipata kazi ya kupika katika shule moja, sufuria ndogo kuliko zile za zamani, lakini sufuria. Ndege mpya aliitengeneza kwa maboksi ya wauza samaki wa Manika. Haikuwa nzuri kama ya Stany; bawa moja lilikuwa zito kuliko jingine, ikaruka kama mtu anayechechemea.

Siku ya sikukuu moja Kasimu alitupakia sote, familia yake, yetu na ya Mama Huguette, akatupeleka Nzilo kula samaki kando ya maji. Upepo ulikuwa mdogo. Mulumba akatupa, Mama Huguette akaipandisha, na hapo Shida, ambaye hajawahi kuomba kitu kwa mtu, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

Mama Huguette akamtazama, akamwekea telekomande mikononi, vidole vyake vikiwa juu ya vidole vya mwenzake. Kasimu akaenda kusimama nyuma ya basi. Ndege ikashuka ghafla, Shida akapiga kelele, "Inaenda mu maji! Inaenda mu maji!"

"Haiende. Vuta kidogo. Kidogo, mama, kidogo!"

Shida akavuta. Ndege ikainua pua, ikapinda juu ya maji, ikaja kuelekea tulipokuwa, na sote tukainama, ikapita juu ya vichwa vyetu.